Matawi Arobaini na Mawili ya Barabara ya Namtumbo

Jumatatu asubuhi, uji ukiwa bado unachoma midomo, Kunegunda Komba alikuwa ameshapiga simu redioni na kuieleza serikali kazi yake.

Kwa kawaida hakuwa na muda wa redio. Alikuwa bibi shamba wa kata, mwaka wa ishirini na sita kazini, mwenye stashahada ya kilimo, pikipiki ya ofisi iliyokufa breki ya mbele, na imani kwamba mambo mengi ya nchi hii yangenyooka kama watu wangetumia kamba. Kamba ya kupandia, ile yenye mafundo ya kuonyesha kila mbegu idondoke wapi. Yake ilikaa kwenye mkoba pamoja na rozari, na alishawahi kuitumia kupanga viti vya msiba mbele ya wafiwa wenyewe.

Lakini habari ya asubuhi hiyo ilimpanda kichwani. Mtangazaji alisema jana, Jumapili, barabara ya Namtumbo ilifungwa kwa saa tatu nzima. Magari yalijipanga pande zote mbili yakisubiri msafara wa kiongozi. Kijiji cha jirani kilitoa ngoma ya lizombe. Mtendaji wa kijiji alivaa koti. Watoto wa shule waliitwa kutoka majumbani wakashikishwa maua. Kiongozi hakuja, kwa sababu hakuwepo. Hakuna kiongozi yeyote aliyepangiwa kupita siku hiyo. Kuna mtu aliweka kizuizi barabarani, akaondoka zake, na watu wenye adabu wakasubiri mpaka giza likaanza kuingia.

"Mimi ni Kunegunda Komba wa Ruhuwiko," alisema kwenye simu, akasikia sauti yake ikitokea redioni na ikamridhisha. "Huyo mtu akamatwe leo leo. Awe nani, awe mtoto wa nani. Na asitoke mpaka aelewe kwamba barabara si ya mama yake."

Mtangazaji alicheka, akamshukuru. Kunegunda akarudi kwenye uji wake na amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Kikombe hakijafika nusu, jirani yake Oliva akaingia bila hodi, ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mama Dastan! Wamemkamata!"

"Tayari? Safi sana. Safari hii wamefanya haraka."

"Wamemkamata Dastan!"

"Dastan gani?"

"Wako! Golikipa! Wamemtoa gereji sasa hivi, amevaa kaptura!"

Kunegunda aliweka kikombe chini. Dastan, mwanawe wa pekee, alikuwa kipa wa Nyangumi, timu ya ligi kuu huko Mtwara. Alikuja Songea siku mbili tu kwa ajili ya kipaimara cha binamu yake kule Namtumbo. Leo alitakiwa awe kambini Masasi kabla ya saa mbili usiku. Kocha alikuwa amesema wazi kwamba atakayechelewa asijisumbue kufungua begi, na kipa namba mbili wa Nyangumi alikuwa kijana mcha Mungu ambaye kwa miezi sita alikuwa akiomba kimya kimya Dastan apate hata mafua. Ili afike Masasi kwa wakati, Dastan alitakiwa atoke Songea saa saba mchana, si zaidi.

"Kamkosea nani?" Kunegunda aliuliza.

"Si hiyo ya barabara! Wanasema yeye ndiye aliyeweka matawi."

"Matawi gani? Redio imesema kizuizi."

"Kizuizi ndiyo hayo matawi. Nimeona picha kwenye kundi la jumuiya. Mistari miwili, Mama Dastan, imenyooka kama imechorwa na rula. Ndiyo maana madereva waliogopa. Matawi ya gari bovu yanatupwa ovyo. Haya, wakasema, haya ni ya serikali."

Kunegunda aligeuka kuutazama mkoba wake, ule wenye kamba.

Jana saa nane mchana, wakirudi kutoka kwenye kipaimara, gari la Dastan lilizimika penye kona, mlima unapoanza. Dastan alitaka kuweka zile pembetatu nyekundu zinazokaa nyuma ya gari. Mama yake alimkatalia. Paroko aliibiwa mbili mwaka juzi, akiwa amesimama hatua tatu kutoka zilipo. Kila mtu anajua gari likifa njiani unakata matawi unayatupa barabarani, na anayekuja nyuma anaelewa. Ila Kunegunda hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Alichukua panga, akakata matawi arobaini na mawili ya miombo, akatoa kamba kwenye mkoba. Mstari wa kwanza matawi ishirini na moja, wa pili ishirini na moja, vishina vyote vikiangalia upande mmoja. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo kuyatazama, akaona ni mazuri.

Kisha fundi alikuja kwa pikipiki, akabadilisha mkanda. Kunegunda akaangalia saa. Jumuiya ilikuwa inakutana saa kumi na yeye ndiye katibu.

"Na matawi, mama?" Dastan aliuliza.

"Washa gari. Upepo utayaondoa."

Sasa, upepo gani huo wa kuondoa matawi yaliyopangwa na mtu mwenye stashahada?

"Oliva," alisema Kunegunda, akiinuka. "Nifungie mlango."

Barabarani alimsimamisha Azizi, dereva wa bodaboda aliyemfahamu tangu akiwa darasa la tatu. Azizi alianza kuongea kabla hajaketi vizuri.

"Shikamoo bibi shamba! Nimekusikia redioni! Umesema kweli tupu. Awe nani, awe mtoto wa nani! Kijiwe kizima tumekupigia makofi. Tena wameshamkamata, eti ni yule kipa wa Nyangumi, Dasta..."

Azizi akageuka kumtazama, pikipiki ikayumba.

"Marahaba," alisema Kunegunda. "Kituo cha polisi. Na uangalie mbele."

Nje ya kituo kulikuwa na watu wengi kama siku ya gulio. Walikuwa wamejigawa wenyewe, wapenda sheria upande wa geti, wapenda mpira upande wa ukuta, na katikati muuza karanga aliyekubaliana na kila mtu. Wa upande wa sheria waliongozwa na Edmund, dereva wa lori la nyanya, aliyekuwa ameshika nyanya moja iliyolainika na kuipitisha mbele ya macho ya watu kama kielelezo.

"Angalieni! Jana saa tisa hii ilikuwa ngumu kama jiwe! Nimekaa saa tatu namsubiri mheshimiwa, nimevaa mpaka shati!"

"Nani alikwambia usubiri?" akauliza mmoja wa wapenda mpira. "Mbele barabara ilikuwa tupu!"

"Ndiyo dalili yenyewe! Barabara ikiwa tupu na matawi yamepangwa vile, wewe ungepita? Kweli ungepita? Wewe?"

Yule mtu alifikiri. "Nisingepita," akakiri.

"Lakini jamani kipa anafunga njia, si ndiyo kazi yake?" akasema mwingine, watu wakacheka. "Tena angalieni ile picha vizuri. Nani mwingine Songea hii anaweza kupanga mstari vile? Kipa ndiye anayepanga ukuta wa faulo! Ule ni ukuta ule! Dastan amezoea!"

"Hapo umesema," wakaitikia hata wa upande wa sheria.

"Na yule sajini aliyemkamata ni shabiki wa timu iliyofungwa na Nyangumi mwezi uliopita. Mimi nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

Kunegunda aliwapita wote, mkoba kwapani. Walipomtambua walimpisha, kisha nyuma yake akasikia mnong'ono ukienda kutoka mdomo mmoja hadi mwingine: ndiye mama yake, ndiye yule wa redioni, ndiye yule wa awe-mtoto-wa-nani. Alitamani ardhi imfunike, lakini ardhi ya pale ilikuwa ya saruji.

Ndani, Dastan alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kaunta, mrefu kuliko benchi lenyewe, magoti karibu na kidevu. Askari wawili walikuwa wanapiga naye picha. Walipomwona Kunegunda waliacha, wakajifanya wanatafuta faili.

"Umewaambia nini?" alimnong'oneza mwanawe.

"Nimewaambia matawi ni yangu."

"Kwa nini?"

"Mama, polisi walikuja gereji kuuliza gari lililozimika jana kwenye kona ni la nani. Redio ilikuwa wazi. Fundi akasema, huyu si mama yako? Akaongeza sauti." Dastan alijaribu kutocheka, akashindwa kidogo. "Ukisema ni wewe watakucheka mpaka Tunduru. Miaka ishirini na sita unawafokea watu kwa ajili ya mistari. Mimi nimezoea. Nikifungwa goli la kijinga watu elfu kumi wananizomea, nikirudi nyumbani nakula, nalala."

"Na Masasi je?"

Dastan alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Vidole vyake, vile vidole vilivyomlisha, vilikuwa vinabonyezana kimoja baada ya kingine.

Kunegunda akaenda mpaka kaunta, akagonga kwa kiganja.

"Nani mkubwa hapa?"

Alikuwa Sajini Stumai, mwanamke mfupi mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi ikaiva, mgeni aliyehamishiwa Songea miezi minne iliyopita kutoka Kondoa. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Matawi niliweka mimi. Kijana hahusiki. Andika."

Sajini Stumai hakuandika. Alimtazama kwa huruma.

"Mama yangu, nakuelewa. Mimi pia ni mzazi. Lakini tangu nianze kazi hii, kila mama anayekuja hapa ndiye aliyeendesha, ndiye aliyegonga, ndiye aliyelewa. Wiki iliyopita wallahi alikuja bibi wa miaka themanini, akasema yeye ndiye aliyekuwa kwenye pikipiki bila kofia, amepakia abiria watatu."

"Mimi sisemi uongo."

"Hata yeye alisema hivyo hivyo."

"Nilikata kwa panga langu! Nilipanga kwa mkono wangu!"

"Na asubuhi ukapiga simu redioni ukataka ukamatwe?"

Kunegunda aligeuka. Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi ya kituo, akawatazama wote, wa sheria na wa mpira.

"Jamani! Nisikilizeni. Dastan hajafanya kitu. Matawi niliweka mimi!"

Yakatokea makofi. Makofi ya nguvu, ya kanisani siku ya padre mpya.

"Uchungu wa mwana!" akapaza mama mmoja. "Mnaona? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!"

Oliva, aliyekuwa amefika na ndala zote mbili sasa, alilia waziwazi, ingawa saa mbili kabla alimwona jirani yake akibadilika uso aliposikia habari ya matawi. Edmund alivua kofia. "Mimi nyanya zangu zimeharibika," alisema kwa sauti nzito, "lakini mama anayejitoa sadaka hivi, namheshimu."

"Sijitoi sadaka, wewe! Nakiri kosa!"

"Ndiyo mama. Ndiyo."

Waliposhangilia tena, Kunegunda alipata hasira aliyoifahamu, ile ya kufika shambani kwa mtu na kukuta amemwaga mbegu kama anayelisha kuku. Maisha yake yote watu walimwamini akisema mambo wasiyoyapenda. Leo anasema jambo asilolipenda yeye, hawamwamini.

Aligeuka. Sajini Stumai alikuwa amesimama mlangoni.

"Afande, matawi yako wapi?"

"Nyuma ya gari letu, kwenye difenda. Ni vielelezo."

"Ulipima?"

Sajini aliona kama ametukanwa. "Nilipima kwa mkono wangu, kwa futi kamba. Nimeandika." Akafungua daftari. "Mistari miwili. Kutoka mstari hadi mstari, sentimita sabini na tano. Kutoka tawi hadi tawi, sentimita sitini."

Mzee mmoja katikati ya umati, Tadei, mkulima aliyekuja mjini kufuata mbolea na hakuwa na habari yoyote na mpira, aliinua kichwa ghafla.

"Rudia hapo, afande?"

"Sabini na tano kwa sitini."

"Hee! Nafasi za mahindi!" alisema Mzee Tadei, akamtazama Kunegunda kwa macho mapya.

"Yashusheni," alisema Kunegunda. "Mpeni kijana wangu ayapange kama alivyoyapanga jana. Halafu nipeni mimi."

Sajini Stumai alisita. Haikuwa kwenye utaratibu wowote alioujua. Lakini alikuwa mtu wa haki, na pia, kama askari wote waliojazana mlangoni, alitaka kuona. Matawi yakashushwa, Dastan akaletwa uani kwa makofi.

Alimtazama mama yake kwa kumsihi. Mama yake alimwonyesha matawi kwa kidevu.

Dastan alianza vizuri. Tawi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha mazoea ya kazi yakamzidi. Alirudi nyuma, akainua mkono mmoja, akafumba jicho, akayasogeza matawi manne kushoto, akayabana, akaacha pengo upande wa kulia ambako angesimama yeye. Kufika tawi la nane kila mtu uani aliona kilichotokea. Kijana alikuwa amepanga ukuta wa faulo, wachezaji wanane, unalinda nguzo ya karibu.

"Hapo mpigaji ataupinda juu," akasema askari mmoja.

"Hawezi, niko pale," Dastan akajibu kabla ya kujizuia.

"Umepima sentimita ngapi?" Sajini aliuliza.

Dastan alikuna kichwa. "Hatua moja moja?"

"Toka hapo," alisema mama yake.

Kunegunda alivua viatu. Hakutoa kamba, ili mtu asije akasema. Alishika matawi kwapani, akainama kwa kiuno kama ainamavyo mwanamke aliyezoea shamba, akaanza kutembea kinyumenyume, akiweka, akinyoosha, akiweka, bila kusimama, bila kuangalia pembeni. Mstari wa kwanza ukaisha. Akageuka, akarudi na wa pili. Alipomaliza alinyooka, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

Sajini Stumai akachuchumaa na futi kamba.

"Sitini," alisoma. "Sitini. Sitini. Mstari hadi mstari, sabini na tano. Sitini. Hamsini na tisa..."

"Hamsini na tisa!" alidakia Edmund.

"Hapo kuna jiwe," alisema Kunegunda. "Litoeni kwanza."

Walilitoa. Ilikuwa sitini.

"Ni yeye!" Mzee Tadei alipiga kelele, akasukuma watu mpaka mbele. "Ni yeye, naapa! Hii mistari naijua! Mwaka ule alifika kwangu mahindi yameshachipua, akapima, akaniambia ng'oa. Nikang'oa! Nikapanda upya! Mke wangu hakuniongelesha wiki mbili. Hakuna mtu mwingine mkoa huu anayepanga kitu hivi, afande. Mfungulie mtoto!"

Sajini alifunga daftari taratibu. "Mama," alisema, "kwa hiyo ni wewe kweli."

"Nimesema tangu saa nne."

Habari ilichukua muda kidogo kuingia vichwani, kisha ikaingia kwa wote kwa pamoja. Mtu wa nyuma kabisa ndiye aliyeanza, akiigiza sauti ya redioni: "Awe nani! Awe mtoto wa nani!" Na mwingine: "Kumbe barabara ni ya mama yake kweli!"

Walicheka. Walicheka wa sheria na wa mpira wakiwa wameshikana mabega. Muuza karanga alicheka mpaka kikapu kikainama. Kunegunda alisimama peku katikati ya mistari yake, akavumilia. Iliuma, kama alivyojua itauma. Lakini aligundua kwamba inauma kama sindano, si kama jino.

"Nilisema," alisema walipotulia kidogo, "na sijabadilisha. Afande, nifungie. Kijana aondoke. Ni saa sita kasoro robo."

"Siendi," alisema Dastan.

"Dastan."

"Siendi, mama. Siwezi kukuacha rumande nikadake mpira."

"Utadaka mpira, kwa sababu ndiyo kazi uliyoniambia ni kazi, nikakuamini. Nenda ukavae suruali."

Mjadala ukaanza upya, mkali zaidi, ila sasa watu walikuwa wamebadilishana pande. Edmund wa nyanya alidai kumfunga bibi shamba ni aibu kwa mkoa. Wapenda mpira, kipa wao akiwa salama, waligundua ghafla kwamba sheria ni msumeno. Sajini Stumai, ambaye hakutaka kabisa mahabusu yake ipangwe upya kwa sentimita, alikuwa anatafuta neno la kusema wakati simu yake ilipolia. Alisikiliza. Uso ukamkunjamana.

"Foleni tena," alisema. "Pale pale kwenye kona. Matawi tulitoa yote, lakini mtendaji wa kijiji amejenga geti la migomba. Anasema kiongozi aliyeshindwa kuja jana lazima anakuja leo. Magari hayapiti kwenda Masasi wala hayarudi."

Dastan alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anavaa viatu.

"Afande," alisema, "rumande itanisubiri. Nipeleke nikafungue nilichofunga."

Walikwenda, difenda mbele, Kunegunda amesimama nyuma kwa sababu mabenchi yalijaa askari waliotaka kuona mwisho, na Dastan akifuata na gari lake dogo jeusi walilolipitia gereji, limeoshwa asubuhi. Hakuna aliyefikiria msafara huo ungeonekanaje kwa mtu anayeutazama kwa mbali.

Kwenye kona, malori na mabasi yalikuwa yamepanga mstari hadi mlimani. Migomba ilikuwa imesimamishwa pande mbili za barabara, maua yamefungwa katikati. Difenda ya polisi ilipochomoza, na nyuma yake gari jeusi linalong'aa, ngoma ililia kwa nguvu kiasi cha kuwarusha kunguru kwenye miti.

"Amekuja! Amekuja!"

Mtendaji, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Saimon, alikimbia mbele na koti lake la jana. "Karibu mheshimiwa!" alimwambia Kunegunda, aliyekuwa juu kuliko wote. "Karibu sana! Tulijua utakuja!"

"Mimi si mheshimiwa. Ondoeni migomba, watu wapite."

"Ndiyo mheshimiwa. Baada ya neno fupi."

"Sina neno!"

"Kwa ufupi tu, mheshimiwa. Wananchi wamesubiri siku mbili."

Alimtazama Sajini Stumai, aliyejifanya anakagua tairi. Alimtazama Dastan nyuma ya usukani. Saa ilikuwa inaelekea saa saba. Akaelewa kwamba geti lile lingefunguka kwa njia moja tu. Basi. Atasema neno, lakini litakuwa la kweli.

"Ndugu wananchi!" alipaza sauti.

Ngoma ikanyamaza.

"Jana nilifunga barabara hii bila sababu yoyote!"

Makofi.

"Gari letu liliharibika, tukaweka matawi, likatengenezwa, tukaondoka! Matawi nikayaacha, kwa uvivu!"

Vigelegele. Kina mama walipunga vitambaa.

"Hakuna kiongozi aliyekuwa anakuja! Mmechezea hewa saa tatu!"

"Sema mama! Sema!" walipaza watu wa kwenye basi.

"Nimefanya kosa na naomba radhi! Sasa fungueni, magari yapite, na hili jeusi lipite kwanza!"

Walishangilia kwa muda mrefu. Mzee mmoja alisema pembeni kwamba katika maisha yake hajasikia kiongozi anayesema wazi namna ile. Migomba ikawekwa kando. Dastan akapita polepole katikati ya ngoma na maua, kioo kikiwa wazi, akicheka mpaka machozi. Watoto wawili walimtambua wakamkimbilia wakiita jina lake, na mmoja alimrushia ua, akalidaka. Kisha akakanyaga mafuta, akapotea mlimani, Masasi ikimsubiri.

Kunegunda hakuweza kumpungia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa kwa mikono miwili na mtendaji.

"Mheshimiwa," alisema Saimon, akiuvuta kwa heshima kuelekea kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, "kijiji chetu kina kero tatu."

"Nimekwambia mimi si..."

Aliwaona watu wameshaketi chini kwenye nyasi, wanamwangalia. Alimtazama Sajini Stumai. Sajini alikuwa amegeukia difenda, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kunegunda alivuta pumzi, akaketi, akafungua mkoba kutafuta kalamu.

"Haya," alisema. "Ya kwanza?"